Niliwasha pikipiki ndani ya nyumba ili majirani wasisikie ikilipuka

Wakuu, poleni na majukumu. Mimi huwa nasoma tu humu na kupita, lakini hili siwezi kukaa nalo. Limenipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Kama una pikipiki na unaishi sehemu ya baridi, soma polepole mpaka mwisho.

Niko Kaaga, Meru. Kazi yangu ni boda. Asubuhi nabeba walimu na watoto wa shule, kwa hivyo saa kumi na moja na nusu lazima injini iwe inanguruma.

Tunaishi chumba kimoja cha mawe, pazia katikati. Mimi, mke wangu Mukami, na binti yetu Kendi wa miaka mitatu. Na pikipiki. Ndiyo, pikipiki inalala ndani. Wanaoishi plot, hizi nyumba za kupanga za ua mmoja, wananielewa, ukiiacha nje asubuhi unakuta alama ya tairi tu.

Baridi ya Julai ilipoingia, ikaanza shida mbili.

Ya kwanza, kuwaka. Napiga kick mpaka goti linauma. Ikishika, inashika na choke tu. Nikirudisha choke, inazima.

Ya pili, mlipuko. Nikiachilia mkono wa mafuta kidogo tu, ekzosi, lile bomba la moshi, inapiga PAA! kama bunduki. Mbwa wa plot nzima wanaamka.

Wacha nieleze kidogo kwa wale wageni wa injini, msiogope, si sayansi ngumu. Injini baridi inataka petroli nyingi na hewa kidogo. Choke inabana hewa ili petroli izidi. Baada ya dakika moja au mbili injini imepata joto, unairudisha. Ikikataa kabisa kuachana na choke, jua kuna hewa inaingia mahali haifai, au petroli haifiki ya kutosha. Na ule mlipuko ni petroli ambayo haikuungua ndani ya injini, ikaenda kuungulia kwa ekzosi.

Mimi sikujua hayo. Nilifungua plagi, nikaikuta nyeusi tii, nikasema basi petroli imezidi. Nikazungusha skrubu ya kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, kupunguza. Ikawa mbaya zaidi! Kumbe plagi ilikuwa nyeusi kwa sababu ya kukaa na choke muda mrefu.

Jirani wetu ni nesi, mara nyingi anarudi kutoka night shift alfajiri. Tunamwita Sista. Siku moja akatoka na leso kichwani.

"Baba Kendi, wewe unapeleka watu shule ama unapeleka watu vita?"

"Pole Sista, ni baridi."

"Baridi iko kwa kila mtu. Mbona sisi hatulipuki?"

Plot nzima ikacheka. Caretaker, msimamizi wa plot, hakucheka. Aliniambia mlipuko mmoja tena hapo uani nitafute kwingine.

Hapo ndipo nilipofanya ujanja wangu.

Nikaanza kuiwasha ndani, mlango umefungwa, tambara limeziba chini ya mlango ili sauti isitoke. Dirisha tayari lilikuwa na katoni kwa ajili ya baridi. Naiacha ingurume dakika tano, kumi, mpaka itulie. Halafu nafungua, naisukuma mpaka barabarani, narudisha mlango, naenda. Mukami na Kendi wanaendelea kulala nyuma ya pazia.

Nilijiona mwerevu.

Wiki ya kwanza Mukami akaanza kulalamika kichwa. Kila asubuhi kichwa, kizunguzungu. Kendi akawa anakataa uji, anatapika, analegea. Tukaenda kliniki, malaria hakuna. Ikifika saa sita mchana wote wako sawa. Wakaenda kwa nyanya yake Kendi kule Laare siku mbili, hakuna kichwa, hakuna kutapika. Wakarudi, ikaanza tena.

Mama mkwe akasema ni maji ya huku. Mimi nikanunua maji ya chupa. Wakuu, nilinunua maji ya chupa!

Asubuhi moja pikipiki ikasumbua kuliko siku zote. Niliingurumisha karibu dakika ishirini. Mimi mwenyewe macho yaliwasha. Nikatoka, nikapeleka wateja wawili, nikaona imetosha, nikaenda kwa fundi Nyaga. Ni mtu wa Kiritiri, kule kwa joto, na hachoki kututania.

"Nyinyi wa Meru hata pikipiki zenu zinataka sweta. Hii inachukua muda gani kupata moto?"

"Leo dakika ishirini."

"Ishirini na choke? Majirani wanakuvumilia aje?"

"Naiwashia ndani, hawasikii."

Akaacha spana.

"Ndani wapi?"

"Ndani ya nyumba."

"Mlango?"

"Nafunga."

Halafu akauliza polepole, bila utani, "Na ndani kuna nani?"

Kichwa cha asubuhi, kutapika, Laare, kila kitu kilijipanga mbele yangu kwa sekunde moja. Nikapiga simu ya Mukami. Inaita, haishikwi. Nikapiga tena. Inaita.

Nyaga alinirushia ufunguo wa pikipiki yake. Njia yote nilikuwa naongea na Mungu kwa Kimeru, sikumbuki nilisema nini. Saa ilikuwa inaelekea mbili. Mukami hajawahi kulala mpaka saa mbili.

Nilipofika mlango ulikuwa vile nilivyourudisha. Nilifungua, harufu ikanipiga. Mukami alikuwa sakafuni karibu na kitanda, simu mbele ya mkono wake. Kendi kitandani, anapumua, lakini nikimwita hafungui macho.

Nilipiga yowe. Sista alitoka mbio. Hakuuliza kitu. "Toa mtoto nje! Nje kabisa!" Yeye akamburuta Mukami kwa mabega mpaka uani.

Hapo kwa hewa baridi, ile niliyokuwa naikimbia, Kendi alikohoa. Akalia. Sijawahi kusikia kilio kizuri hivyo.

Hospitalini waliwekwa oksijeni mpaka jioni. Daktari alisema ni sumu ileile ya jiko la makaa, haionekani na yenyewe haina harufu, na injini ikiwa na choke inatoa nyingi zaidi. Sasa fikiria: jiko letu tulikuwa tunalitoa nje kila jioni kwa kuogopa hiyo sumu. Kisha asubuhi nawasha injini nzima.

Na ugonjwa wa pikipiki? Nyaga aliupata kwa matone ya maji. Injini ikinguruma, akadondosha maji kwenye ule mpira unaounganisha kabureta na injini. Sauti ikabadilika pale pale, maji yakivutwa ndani. Mpira ulikuwa na ufa chini ya klemu, kile chuma kinachoubana, unavuta hewa. Akabadilisha mpira, akarudisha skrubu yangu mahali pake. Sasa choke ni dakika moja, na hakuna mlipuko.

Kwa hivyo ndugu yangu, plagi ikiwa nyeusi usikimbilie kabureta, kagua mpira kwanza. Na hata kama injini ni nzima kabisa, isukume nje kabla ya kuiwasha. Mlango wazi hautoshi. Nje. Mwenye nyumba akikataa kelele, gombana na yeye mkiwa hai.

Wapo wazima, Mungu ni mwema. Lakini mimi bado sijapona hofu. Nikishaiwasha barabarani narudi ndani, namgusa Kendi mpaka ajibu. Ananiambia, "Baba, nimeamka, enda kazi." Ndipo naenda.

Maswali ya kabureta ulizeni tu, nitajibu ninachojua. Ila kwanza nijibuni mimi: pikipiki yako unaiwashia wapi asubuhi, na nani huwa bado amelala?