Amina Kutoka Benchi la Nyuma

Kanisani kwetu, huku bara ya Malindi karibu na Jilore, tuna desturi yetu siku ya kipaimara. Mtoto hupiga magoti mbele ya askofu, na mzazi husimama nyuma yake, mkono begani. Askofu huuliza, "Ni nani aliyemlea mtoto huyu katika imani?" Mzazi hujibu, "Ni mimi, kwa neema ya Mungu," na kanisa zima huitikia amina. Jambo hili nimewaeleza watoto wa shule ya Jumapili mara nyingi, polepole, hadi aliye mwoga kuliko wote aone kwamba hakuna la kuogopa.

Mwaka jana ilikuwa zamu ya binti yetu wa kwanza.

Mume wangu ni mgema. Alfajiri na jioni hukwea minazi kukinga tembo, ile pombe ya mnazi, na hilo ndilo linalotulisha. Yeye mwenyewe hanywi, lakini kanisa letu halimtofautishi mnywaji na mgema. Hapewi Meza ya Bwana, wala haitwi mbele kwa lolote. Kila Jumapili hukaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Wenzangu wa kwaya hawakosi la kusema. Siku niliyofundisha habari za arusi ya Kana, mmoja aliniitia uani, "Mwalimu, divai ya leo umeibeba kutoka nyumbani?" Nilicheka nao, uso ukiniwaka.

Na bado imani ya nyumba yetu imeshikwa na mtu huyo. Baada ya sima, vyombo havijaondolewa, kila mtoto husema jambo moja la siku yake, liwe jema au baya, na baba yao hulipeleka kwa Mungu kama lilivyosemwa, bila kulipamba. Mtoto akisema amempiga mwenziwe, aliyepigwa huombewa kwanza. Hata siku ambazo mimi naye hatusemezani, huketi mkekani akaniita, "Mama watoto, njoo. Tutanuniana baada ya amina." Nami nikishaomba naye, huwa siwezi tena kununa vizuri. Wazazi vijana wakiniuliza waanzie wapi na watoto wao, huwaambia hivyo hivyo: anzeni na jambo moja, msingoje muwe watakatifu. Siwaambii nimejifunza kwa nani.

Mchungaji alituita. Alisema kwa upole kwamba baba akiahidi kuacha kugema, atasimama na bintiye.

"Mchungaji, nikiahidi leo, kesho alfajiri utaniona juu ya mnazi," mume wangu alijibu. "Nitakuwa nimemdanganya Mungu, na mtoto anasikia."

"Basi asimame mama, au ndugu yeyote aliye mshirika."

Njiani mume wangu akaniambia, "Simama wewe. Ukisema ni wewe, utakuwa umesema kweli."

Sikusimama. Nilimpigia simu kaka yangu wa Mariakani, mzee wa kanisa, mwenye suti na sauti. Mama akisimama peke yake watu huuliza baba yuko wapi, nami sikutaka waulize, maana jibu walikuwa nalo. Kaka alisita. Atamjibuje askofu, na mtoto mwenyewe humwona sikukuu hadi sikukuu? Nikamwambia, "Sema tu kama wenzako. Ni maneno ya ibada." Mume wangu nilimwarifu mambo yakiwa yamekwisha. Aliuliza tu kama shemeji yake atalala kwetu, ili atafutiwe kitanda.

Siku ilipofika, binti alipiga magoti na askofu akauliza. Kaka yangu akamwekea mkono begani, akajibu kwa sauti iliyolijaza kanisa, "Ni mimi, kwa neema ya Mungu." Watu wakaitikia. Katikati ya sauti zote hizo nikaitambua moja iliyotoka nyuma, nzito, isiyo na haraka, ile ninayoisikia kila jioni mkekani. Naye alisema amina. Sikuweza kugeuka. Niliinamisha kichwa kama mtu anayeomba, na sikuwa ninaomba.

Nyumbani tulipika pilau. Wageni walipokuwa wakila, binti alimgeukia kaka yangu.

"Mjomba, samahani. Mbona ulisema ni wewe?"

Kaka akakohoa. Mume wangu akadakia, "We mwana, mwache mjomba wako amalize nyama. Hata polisi hawamhoji mtu na pilau mdomoni."

Watu wakacheka. Nilijua mume wangu ananisitiri mimi. Binti hakucheka. Alinitazama, kwa sababu nyumbani kwetu mimi ndiye mwelezaji. Nilitafuta maelezo, yale ya polepole ninayowapa watoto wa wenzangu.

"Mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo," nikasema. "Nilimwonea aibu baba yako."

Kicheko kikakatika.

"Nilijua," mume wangu akaniambia taratibu. "Ila hukuwahi kulisema."

Binti akainuka na sahani yake, akaenda kuketi karibu na babake, bega kwa bega. Nami nikabaki nimesimama na upawa mkononi, nisijue nimpakulie nani.