Ndama wa Ofisi

Shehe wetu alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa kamba. Ofisi yetu ya Garsen haikopeshi kwa riba: mteja akitaka ng'ombe, ofisi humnunua kwanza, ikammiliki, ndipo ikamuuzia mteja kwa faida iliyotajwa wazi. Shehe ndiye mkaguzi wa mambo hayo, na kwake umiliki haukuwa wa kwenye karatasi tu. Alitaka aone kamba mkononi mwa mfanyakazi. Mfanyakazi mwenyewe nilikuwa mimi, Mkristo, mtoto wa wakulima wa kijiji cha Wema. Kwetu ng'ombe ni yule anayekula mahindi yako kisha akakutazama.

Asubuhi moja sokoni nililipa pesa za ofisi, nikashika kamba ya ng'ombe mwenye mimba. Alichaguliwa na mjane wa Kiorma aliyelea wajukuu kwa kuuza maziwa, na alikuwa amempapasa tumbo mpaka akaridhika. Tulipofika ofisini na mjane stima ikapotea, mkataba wa kumuuzia usichapwe. Nikamfunga ng'ombe nyuma, kando ya pikipiki ya meneja. Adhuhuri haijafika, akazaa.

"Ndama ni wa ofisi!" meneja akashangilia. "Tutamuuza kando. Si ndiyo?"

"Ndiyo, bosi," nikasema.

Mjane alinyong'onyea. Ng'ombe wa huku hashushi maziwa asipomwona ndama wake, na sisi sote tulilijua hilo. Nilimhurumia sana, lakini nilikuwa nimeshasema ndiyo.

Meneja akamgeukia Shehe. "Sheria inasemaje?"

"Amezaliwa mkiwa mnammiliki mama yake. Ni wenu."

Meneja akatabasamu.

"Lakini huyu mama hajanunua kitu bado," Shehe akaendelea. "Aliahidi kununua ng'ombe mwenye mimba. Huyu hana mimba tena. Mama, una hiari yako."

Mjane akajifunga ushungi vizuri. "Basi mimi nawacha. Nyinyi kaa na yeye."

Ng'ombe akalia kwa sauti iliyowatoa watu wa duka la jirani.

"Nani atampa majani?" meneja akauliza.

"Mwenye kamba," Shehe akasema.

"Na akifa?"

"Hasara ya ofisi."

Nilijaribu kumsogeza ng'ombe kivulini. Alinipiga teke la paja, nikaiangukia pikipiki, nayo ikaanguka, kioo chake kikavunjika. Meneja aliiinua, kisha akasema mjane achukue wote wawili kwa bei ileile ya mwanzo. Mkataba tuliuandika kwa mkono, nikamkabidhi mjane kamba, akaondoka akimwimbia ndama kwa lugha yao.

Meneja hakuridhika. "Shehe, sisi ndio tunaokulipa."

"Najua. Mnanilipa niwaambie hapana. Wa kuwaambia ndiyo mnaye tayari." Akaninyooshea kidole.

Walicheka wote wawili. Nami nikacheka, huku nikijikunakuna paja, na nilikuwa nimeona haya kwelikweli.