Eda Katika Nyumba Yenye Ufa

Baba alipofariki mimi, binti yake, nilikuwa nasomesha mwaka wa sita hapo Buyenzi, na katika masomo yote hakuna nililolipenda kama jiografia. Uhuru ulikuwa bado mchanga, watu wazima waliteleza ulimi wakauita mji wetu Usumbura, jina lake la zamani za wakoloni, na mimi nilijiona mtu wa mambo mapya. Baba akazikwa, mama akaingia eda. Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi: havuki mlango wa barabarani, hajipambi, hakutani na wanaume wasio maharimu wake. Wengine huikaa eda kwa kuchungulia dirishani. Mama yangu alikuwa mtu wa kutimiza, na akishasema neno, basi, umeshakwisha wewe.

Hata hajazoea kuvaa nguo za eda, ardhi ikatetemeka. Ilikuwa asubuhi, niko darasani. Kwanza tulisikia mngurumo, tukadhani ni lori la pamba linashuka bandarini. Vikombe vya bati dirishani vikaanza kulia. Halafu sakafu ikaenda upande, ikarudi, ikaenda tena, na ubao ukaanguka. Nilipiga kelele watoto watoke, na kabla sijamaliza kusema walikuwa wameshafika uwanjani. Alhamdulillahi hakuumia hata mmoja. Mimi sikungoja ruhusa ya mkuu wa shule. Nilivua viatu nikakimbia nyumbani.

Nyumba yetu aliijenga baba mwenyewe, matofali ya udongo yasiyochomwa, na aliyekanyaga ule udongo ni mama, bi harusi wa juzi, sketi ameikunja magotini. Nikamkuta amekaa chumbani, tasbihi mkononi. Juu ya kichwa chake ufa ulikuwa umetoka pembe ya dirisha, umepanda mshazari mpaka kwenye mabati. Kiganja changu kilipita humo.

"We umekuja kuangalia kama nimekufa?" akaniuliza. "Kunywa chai kwanza. Iko mu chupa."

Nikamwambia mama, tutoke. Akasema apana. Nikamwambia, tuhamie kwa shangazi, Kinanira, kule mlimani. Akasema apana, na safari hii hata hakuniangalia.

Nikafikiri, huyu hajui tu. Akijua, atatoka. Basi nikaanza kumsomesha. Nikamweleza kwamba chini yetu ardhi ni miamba mikubwa, na sisi tumekaa kwenye mstari inapopasuka. Milima ya Kongo kule ng'ambo na milima yetu huku inaachana, polepole mno, hakuna jicho linaloweza kuona, na ziwa limejaa katikati ya huo mpasuko. Miamba haiachani kwa ulaini. Inakwama, inajikaza miaka na miaka, halafu siku moja inashindwa na inaachia kwa ghafula. Huko kuachia ndiko tunakokusikia huku juu. Linatangulia wimbi la haraka, lile la mngurumo, linasukuma tu. Nyuma yake linakuja la polepole, linalotikisa kwa ubavu, na hilo ndilo linaloua. Ukuta wa udongo unabeba mabati miaka yote bila kulalamika, lakini ukiuvuta kwa ubavu hauna nguvu, na unaanza kupasuka penye pembe za madirisha na milango. Tena, nikasema, baada ya tetemeko kubwa huja madogo madogo, kwa sababu ile miamba inatafuta namna ya kukaa upya.

Mama akasikiliza. Nikaona maneno hayatoshi. Nikachukua karai, nikatia mchanga na maji, nikasimamisha tofali juu yake, nikagonga ubavu wa karai kwa mwiko. Mchanga ukalegea kama uji, tofali likainama, likazama nusu. "Hii ndiyo Buyenzi, mama," nikamwambia. "Chini yetu ni mchanga na tope la mito na ziwa. Kinanira wamekalia mwamba. Ardhi ikitikisika, sisi tunatikisika kuwashinda."

Akaangalia tofali mpaka likatulia.

"Nimeona," akasema. "Sasa nani ataosha iyo karai?"

Jamani! Nilitaka kucheka na kulia. Nikakaa chini. Ndipo akaniuliza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali: "Mwanangu, itapiga tena leo?"

"Sijui, mama."

"Kesho?"

"Sijui."

"Basi mi nitoke niende wapi, na mpaka lini?"

Wallahi, hilo hakuna mtu duniani aliyelijua. Nilijua tetemeko linatoka wapi, nilijua linapita vipi, nilijua litaushika ukuta upi. Siku na saa yake, hapo sote tulikuwa gizani. Nilimwonea uchungu mama, nikajionea uchungu mimi.

Kaka yangu, makanika, alikuja na wenzake wa garaji iliyokuwa ng'ambo ya barabara yetu, wakaegemeza ukuta kwa miti ya mikaratusi. Mama alijifungia chumba cha pili mpaka sauti ya mwisho ya mwanamume ilipoondoka. Mimi nikabandika kipande cha karatasi juu ya ufa kwa uji wa unga, kwamba kikichanika tujue ukuta umesogea. Kesho yake kilikuwa kimechanika. Nikabandika kingine, nacho kikachanika. Basi nikaacha, maana nilichokuwa nafanya ni kujitia hofu kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikamwendea shehe. Mzee yule akanisikiliza vizuri, akaniambia mjane akihofia nyumba kumwangukia ana ruhusa ya kuhama, amalizie eda mahali pa salama, wala hana dhambi. Nilirudi mbio, furaha imenijaa. Mama akaitikia, akarekebisha ushungi, akasema: "Shehe amesema naweza. Hakusema lazima."

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia maneno makali, kwamba baba hayuko tena ndani ya yale matofali, yuko makaburini. Akaiweka tasbihi mapajani. Halafu akasema, "Mi najua kwenye baba yenu iko. Nilimuosha miguu mwenyewe wakati wa ugonjwa. Lakini iyi nyumba ndiyo aliniacha ndani yake, na mi nitatoka siku yangu ikifika." Nikaona machozi yake, nikakoma.

Aliyetupatia njia ni kaka. Akasema, uani je? Ua si uko ndani ya nyumba? Una ukuta wake na mlango wake, na mjane huanika nguo pale bila mtu kusema neno. Mama akalifikiria jambo hilo siku nzima, kisha akakubali. Tukafunga turubai katikati ya ua, mbali na kuta, tukamtandikia mkeka na godoro. Akahamia, na mimi naye. Loo, nililala usingizi! Ilikuwa mara ya kwanza tangu ardhi itetemeke kulala bila kusikiliza mabati. Mama alipika pale, akasali pale, akanitania kwamba amekuwa mukimbizi mu nyumba yake mwenyewe.

Tetemeko la pili lilitukuta baada ya Alasiri. Mama alikuwa ameosha nywele, amekaa mkekani kichwa wazi, mimi nikimsuka. Nikasikia mngurumo. Nikamshika mabega, nikamwambia, "Tulia hapa hapa, mama, hapa hapana kitu cha kutuangukia." Naye alitulia. Nasema hivi ili ieleweke: mama alitulia. Ardhi ilianza kwenda upande, sufuria zikaruka, yeye ameshika goti langu anataja jina la Mungu, na tulikuwa salama kabisa.

Mlango wa ua ukafunguliwa kwa kishindo. Walikuwa wale wanaume wa garaji, wenzake kaka, yeye mwenyewe hayumo. Walikuwa wameacha kazi yao na kukimbilia kumwokoa mjane, maana walijua ukuta ule ulivyo. Wakaingia wote kwa pamoja, wakipiga kelele: "Mama, toka! Mama, toka!"

Mama akaona wanaume. Akapiga mikono kichwani, hana ushungi, hana kitu. Akainuka. Nikamkamata kanga, kanga ikabaki mkononi mwangu. Ardhi ilikuwa bado inacheza, nikaanguka. Nikamwita, "Mama, usiingie!" Nikawapigia kelele wale watu, "Tokeni! Tokeni nyinyi!" Kwa ule mngurumo wao wakadhani nawaita, wakazidi kuja. Mama akaingia mlango wa chumba kutafuta cha kujifunika, na ile miti ya mikaratusi ikateleza mmoja mmoja, na ukuta ukamfuata ndani.

Vumbi lilipotulia kaka alikuwa ameshafika, anafukua kwa mikono. Wale wenzake walifukua naye, wanalia kama watoto. Kichwa chake kilipoonekana, nusu kimesukwa, nusu bado, wote wakageuza nyuso. Mmoja akavua shati lake, akalinyoosha nyuma bila kuangalia, nikalipokea, nikamfunika mama. Nilimwita. Niliweka sikio kifuani kwake. Hakuwa na pumzi tena.

Sikumchukia hata mmoja wao, na hapo ndipo panaponiuma mpaka leo, kwamba sina wa kumchukia. Walikuja kwa wema. Yeye aliingia kwa heshima yake. Ardhi nayo haina habari na sisi.

Tulimwosha mle uani, chini ya turubai, mimi na shangazi. Kabla ya Magharibi kaka na wenzake wakabeba jeneza, wakavuka nalo mlango wa barabarani, na siku za eda yake zilikuwa bado hazijatimia. Wanawake kwetu hawaendi makaburini. Nilisimama pale mlangoni nikawaangalia wakimpeleka, mpaka wakakata kona.