Majibu ya Wafula

Unaweza kucheka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, saa kumi ya mchana, nikiwa na akili zangu zote. Natengeneza kompyuta hapa Gatina. Kazi hii haina nafasi ya mizimu. Kitu kikikataa, kuna sababu.

Nesi anayeitwa Kalekye alikuwa amechukua kliniki ndogo kule Silanga, pamoja na vyombo vyake vya zamani. Mashine ya kupima damu ilikuwa bado inafanya kazi, ila printa yake ilikufa kitambo na skrini ilikuwa imefifia, huwezi kusoma kitu. Alitaka majibu yaingie kwenye laptop. Mashine ina ile soketi ya zamani ya pini tisa, kwa hivyo nikatafuta kebo ya kuigeuza iwe USB. Niliyopata haikuwa na jina wala chapa. Laptop haikuitambua. Siku tatu nilipakua draiva mtandaoni, zile programu za kuifanya laptop iitambue kebo, hii na ile, zote zikagoma. Wagonjwa walikuwa wanaambiwa warudi kesho.

Siku ya nne nilitoka pale nimechoka, mvua inanyesha. Karibu na bwawa, katikati ya wauza makaa, nikaona kibanda cha fundi wa simu ambacho sikuwa nimewahi kukiona. Nikaingia kujikinga. Ndani alikuwa mwanaume mmoja, amekonda sana, mtungi wa maji kando ya miguu yake. Anajaza kikombe, anakunywa, anajaza tena. Niamini, sijawahi kuona kiu kama ile.

"Chipu ya hiyo kebo ni ya kuiga," akasema, kabla sijamweleza lolote. "Draiva mpya zinaikataa. Mimi niko na ile ya zamani."

Akaniwekea kwenye flash. Nikamuuliza nimlipe nini.

"Ukifungua hiyo mashine, niangalizie majibu yangu. Naitwa Wafula. Nilipimwa hapo nikaambiwa nirudi. Nimerudi sana, dada."

Wewe ungefikiria nini? Mimi nilidhani ni mgonjwa wa juzi.

Nilirudi kliniki, nikaweka ile draiva, na kebo ikakubali mara moja. Majibu yakaanza kumiminika, hata ya wakati wa mwenye kliniki wa kwanza. Jina la Wafula lilikuwepo. Kalekye aliinamia skrini akasoma.

"Sukari imepita kipimo cha mashine," akasema. "Huyu alitakiwa hospitali siku hiyo hiyo. Lakini hii ni ya miaka sita iliyopita."

Niliyaandika kwenye karatasi nikakimbia kibandani. Kibanda hakikuwepo; mahali pake nilikuta magunia ya makaa yamepangwa hadi juu, na mama mmoja anapima makaa kwa mkebe. Nikamuuliza Wafula yuko wapi. Aliweka mkebe chini.

"Nani amekutuma?"

Alikuwa Nekesa, mjane wa Wafula. Aliniambia mumewe alikonda wiki chache tu, akafa. Watu wakasema amerogwa na Barasa, ndugu yake. Barasa alipigwa, nyumba yake ikachomwa, akahamia Kabiro. Nilimsomea karatasi. Akaniambia nisome tena.

"Kwa hivyo ulikuwa ugonjwa tu?"

"Ndiyo, mama."

"Na ni mimi nilisimama mbele ya watu nikamtaja."

Hakulia. Afadhali angelia.

Jumapili tulienda Kabiro pamoja. Barasa alifungua mlango. Jicho lake moja liliharibika siku ile ya kipigo. Alisoma karatasi polepole, akaikunja, akamrudishia shemeji yake. "Mngeniuliza," akasema, akafunga mlango. Nekesa huenda kila Jumapili mpaka leo. Mlango haujafunguliwa tena.

Mimi na Kalekye tuliwatafuta wengine waliokuwa ndani ya ile mashine. Baadhi tuliwapata. Wengine tulionyeshwa makaburi. Tangu hapo, mvua ikianza nikiwa Silanga, sijikingi popote. Naenda tu, nalowa.

Nawe unayenisikiliza, ukipimwa ukaambiwa urudi, usikubali kuondoka bila karatasi mkononi. Na mtu wako akifa na hujui kilichomuua, funga mdomo wako kwanza. Usitaje jina la mtu.