Matundu ya Sindano

Shangazi Tak Bok-sim alishona majina na vyeo kwenye magwanda ya askari kwa miaka ishirini na sita, nje ya geti la kambi, mjini Yanggu. Sharti la kambi lilikuwa moja: usishone cheo kabla hujaona kitambulisho. Ukilivunja, unafunga duka.

Majira yale ya baridi askari mmoja alichukua pikipiki ya muuza tambi, akamgonga mzee Seong akamvunja nyonga, akakimbia. Muuza tambi alisoma jina kifuani: Pyo Han-sol. Pyo alikuwa na miezi miwili tu kambini. Akawekwa mahabusu. Alisema gwanda lake zuri liliazimwa. Na nani, hakusema. Kule mkubwa akienda likizo huchukua gwanda la mdogo lililopigwa pasi vizuri, na mdogo hafungui mdomo.

Guk, mpelelezi wa polisi jeshi, aliwatenganisha askari kumi wa bweni la Pyo, kila mmoja akaandika maelezo peke yake. Yote yakafanana mpaka nukta. Hapo ndipo aliposhuku. Akaja dukani kwa shangazi na gwanda la Pyo ndani ya mfuko uliofungwa kwa lakiri.

"Mama Tak, macho bado yapo, au siku hizi unashona kwa kunusa?"

"Yapo. Ndiyo maana naona umenenepa."

Shangazi akaligeuza gwanda chini ya taa. Kwenye kola palikuwa na mstari mmoja, cheo cha Pyo. Kuuzunguka, matundu ya sindano ya mistari minne ya sajini, iliyofumuliwa. Kipande cha uzi kilibaki na fundo la mara tatu. Mjini pale ni yeye tu anayefunga hivyo. Akauondoa mguu kwenye pedeli ya cherehani.

"Ukisema nitaandika yote," Guk akamwambia. "La kitambulisho pia. Siwezi kuliruka."

"Andika. Ni Sajini Maeng, nilimshonea Ijumaa ile. Alikuwa anawahi basi, na mimi namjua, sikumuuliza kitu. Yule mtoto mtoeni."

Akaweka alama ya dole gumba kwenye maelezo. Maeng aliposomewa maelezo yale alikiri kabla ya chakula cha mchana. Jumatano Pyo akatoka. Alhamisi ikaja barua ya kufunga duka.

Sasa shangazi anashona mapazia nyumbani. Pyo alipopata likizo alikuja na samaki wakavu, kavaa gwanda lake mwenyewe. Shangazi akashika kola.

"Nani kakushonea hivi? Mstari unaning'inia."

Akachukua sindano. Kisha akanyoosha mkono.

"Kitambulisho kwanza."