Mikono ya Mama Utosini

Nilipokuwa msichana, kwetu Ihumwa Jumamosi mchana ilikuwa siku ya nywele. Mama alikaa kwenye kigoda, mimi mkekani, kichwa nimekiegemeza pajani kwake. Alinipaka mafuta ya nyonyo aliyoyapika mwenyewe, akanisuka nyuzi huku treni ya mizigo ikipita. Nywele zangu zilikuwa nzito hata vitana vilivunjika.

Nimeshapita arobaini sasa, nafanya kazi masjala katika wizara moja huko Mtumba. Miaka michache iliyopita nywele za utosini zilianza kupungua, ngozi ikawa inaonekana. Nikavaa wigi. Nilijipaka dawa ya matone miezi mingi bila kuona tofauti, mwishowe nikaenda kwa daktari wa ngozi mjini.

Aliniambia ni hali ya kurithi. Mizizi ya nywele husinyaa taratibu. "Dawa yako si mbaya," alisema. "Shida ni kwamba nyingi inakaukia juu ya ngozi. Kazi yetu ni kuifikisha kwenye mizizi."

Akanieleza kwamba wataalamu wanajaribu viraka vyenye sindano ndogo zinazoyeyuka ndani ya ngozi na kuiacha dawa humo, ila kwake havijafika. Yeye angenipitishia utosini kifaa cha sindano nyembamba mara moja kwa mwezi, dawa ipate njia, na kuanzia kesho yake niendelee na matone nyumbani.

Mama alikuwa amekuja kukaa kwangu baada ya mavuno. Kesho yake baada ya sindano za kwanza nilimwomba anipake dawa, kwa kuwa utosi wangu sikuuona. Alikataa. Alisema hawezi kugusa kichwa kilichotobolewa. Nikamweleza yote ya daktari, na neno la kurithi nikalitamka kwa sauti ya chini.

Akafungua kitambaa chake cha kichwani. Utosi wake ulikuwa mtupu, unang'aa. Maisha yangu yote sikuwahi kuuona.

"Zilianza kuniisha nikiwa na umri wako," alisema. "Hata baba yako nilimficha. Kaa chini, mwanangu."

Nikakaa sakafuni, magoti yakilalamika. Aligawa nywele kwa ncha ya kitana, akadondosha dawa tone kwa tone. Ilinuka spiriti, si nyonyo, lakini kidole gumba kilikuwa kilekile, kigumu, hakina haraka. Nililia kidogo. Nadhani aliona, maana akaanza kunisimulia habari za mbuzi.

Tulifanya hivyo kila asubuhi. Baada ya miezi kadhaa vikaota vinywele laini kama vya mtoto. Havikuujaza utosi wote, lakini wigi nimeliacha.

Mvua zilipokaribia, mama alirudi kulima uwele. Sasa najipaka mwenyewe kwa vioo viwili, dawa inanichuruzika hadi kwenye nyusi. Nikimpigia simu, huuliza kwanza kama nywele zimeongezeka. Namwambia zimeongezeka, hata wiki ambazo sina hakika.