Doa la Bibi na Askari wa Oskar

Krayoni nyeusi ikivunjika hutoa harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Naisikia karibu kila siku kwenye chekechea ninakopika, na kila nikiisikia namkumbuka Oskar. Jamani, yule mtoto alinitia wivu!

Tulisoma darasa moja hapa Hallonbergen, huku Uswidi. Mama yake alikuwa Mwingereza, na kila kiangazi walienda kwa babu yake, kijiji cha nyumba chache na kanisa la mawe la zamani za kale. Mwalimu alipotwambia tulete historia ya vijiji vya kwetu, Oskar akaja na karatasi ndefu kama shuka. Kanisani kwao, akasema, kuna kaburi lenye picha ya askari iliyochongwa kwenye shaba. Unatandaza karatasi juu yake, unasugua krayoni, askari anatokea na upanga wake, na mbwa miguuni. Mbwa! Yaani hata mbwa wa kwao alikuwa na historia.

Nililala na wivu, nikaamka nao, nikaunywa na maziwa.

Nikamwuliza baba kwa Kiswidi, akanijibu kwa Kiswahili, kama kawaida yetu. "Kanisa letu kule Taita? Kila nyumba ilileta jiwe lake. La bibi yako limechomoza pale mlangoni, watu wanagonga viwiko mpaka leo."

"Mwambie alisugue!"

Bibi akatandaza karatasi juu ya jiwe lake, akalisugua kwa makaa, shangazi akaniletea karatasi kwenye sanduku alipokuja kututembelea. Nilipoikunjua nilitaka kulia. Doa jeusi, kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Zamu yangu ilipofika, darasa zima likacheka.

Oskar peke yake hakucheka. "Huyu ni nani?"

"Bibi yangu."

"Alishakufa?"

"Wee! Jana tu kapiga simu kuuliza kama nimekula."

Wakati wa mapumziko akanifuata, akataka tubadilishane: askari wake kwa doa langu. Nikajua ananidhihaki, nikalikumbatia doa langu, nikatimua mbio.

Tulikuwa tumeshakuwa wakubwa mama yake aliponisimulia. Ile nyumba ya kijijini babu yake Oskar aliinunua alipostaafu, na wanakijiji walimwita mgeni mpaka anazikwa. Yule askari hakuwa ndugu yao hata kidogo. Kumbe siku ile Oskar naye alikuwa anaumwa ugonjwa wangu, na mimi nikamkimbia.

Doa liko ukutani kwangu, kwenye fremu. Askari simtamani tena. Ila yule mbwa, kusema kweli, bado namwonea wivu.